Usiisingizie Linux, Muulize Aliyenunua Printa

Kuna sentensi nimeichoka. Nimeisikia Dar es Salaam, nimeisikia Mbeya, na safari hii nimeikuta Ibaba, kata iliyoko wilaya ya Ileje, mahali ambapo sikutegemea kabisa kukutana nayo. Sentensi yenyewe ni hii: "Linux nzuri, ila haiprinti." Huwa inasemwa kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala. Anasema, anachukua simu yake, basi, yameisha.

Nasema ni uongo. Tena ni uongo wenye gharama, na wanaoilipa gharama hiyo sio wale wanaousema.

Haya, twende Ibaba kwanza. Najua wasomaji wangu wengi mko mjini, kwa hiyo niwaelekeze kidogo. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 ulipomegwa kutoka Mbeya. Ukitaja Songwe watu wanafikiria Tunduma tu: malori, foleni ya mpaka wa Zambia, vijana wanaobadilisha kwacha. Ileje ni Songwe nyingine. Ni milima, ni baridi, Malawi iko ng'ambo ya mto Songwe, na makao makuu ya wilaya yako Itumba. Mimi nilifika Ibaba kwa habari nyingine kabisa ya gazeti, nikaishia kwenye ofisi ya walimu ya shule moja ambayo sitaitaja jina, maana mwalimu aliyenikaribisha hakuomba kuwa maarufu.

Ofisini kuna kompyuta nne, zote zilishatumika mahali kwingine kabla ya kufika pale. Zilikuja na Windows ya kuchakachua iliyokuwa imejaa virusi. Kijana mmoja wa pale kijijini, aliyekuwa amemaliza chuo anasubiri ajira, akazifuta zote akaweka Ubuntu. Zinafanya kazi. Mwalimu wa taaluma anatunga mitihani kwenye LibreOffice, anatunza alama, anapanga ratiba. Virusi amesahau. Na pembeni, juu ya meza ndogo, kuna printa ya leza, mpya, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya babu.

"Hii vipi, mwalimu?"

"Hiyo kaka imegoma tangu ije. Si unajua Linux haiprinti?"

Tukaichomeka. Kompyuta ikaiona, jina la printa likatokea kwenye kioo, kazi ikatumwa. Kimya. Jina la kampuni iliyoitengeneza nalihifadhi, maana leo sitaki ugomvi na kampuni moja wakati tabia ni ya wengi. Kwenye tovuti yao kuna faili la Linux ndiyo, lakini lilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta za biti 32, na maelezo yake yanataja matoleo ya Ubuntu ambayo mwalimu yule alikuwa bado hajaanza hata chuo cha ualimu.

Sasa sikiliza mwalimu anafanyaje wakati wa mtihani. Anaweka mtihani kwenye flashi. Anapanda bodaboda mpaka kwenye steshenari. Kijana wa steshenari anakopi faili kwenye desktop yake, anaprinti nakala moja, anadurufu zilizobaki. Mwalimu anarudi na karatasi zake na flashi yenye virusi. Lakini faili la mtihani limebaki wapi? Limebaki kwenye desktop ya steshenari, mahali ambapo watoto wa shule huingia kupiga picha za pasipoti na kununua kalamu.

Tunaandika kila mwaka kuhusu kuvuja kwa mitihani. Mimi mwenyewe nimeandika. Tunasema maadili, tunasema wazazi, tunasema walimu wenye tamaa. Ni mara ngapi umesoma gazetini kwamba mtihani ulivuja kwa sababu printa ya shule haikuwa na draiva?

Tupige hesabu ya kawaida tu. Tuseme kidato kina wanafunzi 120, masomo tisa, kurasa nne kwa kila mtihani. Hizo ni kurasa 4,320 kwa kidato kimoja kwa mtihani mmoja. Zidisha kwa vidato vinne. Halafu mzazi anaambiwa achangie, na akichelewa anaambiwa hajali elimu.

Turudi kwenye ule uongo. Kwa nini printa ile imegoma?

Wengi wanadhani printa ni mashine ya kupokea barua na kuichora. Printa za zamani za maofisini ndivyo zilivyokuwa, zilikuwa na akili yake. Kompyuta inaiambia kwa lugha inayojulikana: andika herufi hii, ukubwa huu, mahali hapa. Lugha hizo zina majina. Kuna PostScript ya Adobe na PCL ya HP, zote zilianza kupata umaarufu miaka ya katikati ya 1980. Mtu yeyote aliyejua lugha hiyo aliweza kuzungumza na printa, awe na Windows, awe na Mac, awe na Linux, awe na kitu alichokiunda mwenyewe chumbani kwake.

Halafu watengenezaji wakagundua kwamba akili ina bei. Printa yenye akili inahitaji prosesa na kumbukumbu. Ukurasa mmoja wa A4 kwa nukta 600 kwa inchi una nukta kama milioni 35, ambazo ni zaidi ya megabaiti 4 hata ukiwa mweusi na mweupe mtupu. Wakajiuliza, kwa nini tumlipie mteja akili hiyo wakati kompyuta yake inayo? Wakaitoa. Kompyuta ndiyo ichore ukurasa mzima, printa ipokee nukta tu na kuzichoma kwenye karatasi. Bei ikashuka. Mpaka hapo sina ugomvi nao kabisa, maskini na sisi tunataka kuprinti.

Ugomvi wangu unaanzia hapa: zile nukta zinapitishwa kwenye waya kwa msimbo ambao kampuni imeuficha. Imeandika draiva ya Windows, basi. Ukitaka printa yako ifanye kazi na mfumo mwingine, utajijua. Kwa hiyo printa imeuzwa kwako, umelipa, risiti unayo, lakini lugha ya kuzungumza nayo si yako. Hebu fikiria unanunua ng'ombe wa kulimia mnadani, unafika nyumbani, unaambiwa anaelewa amri zikitamkwa na mtu wa ukoo fulani tu!

Mifano ya hadharani ipo tele. HP LaserJet 1020, ile printa ndogo ambayo ukiingia steshenari yoyote ya zamani Tanzania unaweza kuikuta, haitunzi programu yake ya ndani. Ukiizima inasahau kila kitu, na ukiiwasha kompyuta lazima iitumie upya. Sasa weka printa hiyo mahali ambapo umeme unakatika mara tatu kwa siku. Kwenye Windows draiva inafanya kazi hiyo kimya kimya. Kwenye Linux ilibidi mtu mmoja, Rick Richardson, akae achunguze msimbo ule mwenyewe na kuandika draiva huria inayoitwa foo2zjs. HP nao wana mradi wao wa programu huria kwa ajili ya Linux, HPLIP, na niseme haki, ni mradi mzuri kuliko wa wengi. Ila kwa baadhi ya printa bado unatakiwa upakue kipande cha ziada kilichofungwa, kutoka kwenye intaneti. Kwa bando lako. Canon nao, printa zao za leza za mfululizo wa LBP, kama ile LBP2900, zinatumia lugha yao wanayoiita CAPT, na mtu aliyewahi kuiweka kwenye Linux ukimkumbusha anaweza akakununia siku nzima. Na huko pia kuna watu wa kujitolea waliokaa kuichambua lugha hiyo bila kulipwa.

Ukiangalia vizuri, kinachoshangaza ni kwamba Linux inaprinti kiasi hiki, wakati kampuni nyingi zimeficha funguo.

Na kuna jambo ambalo wenye "Linux haiprinti" hawalijui. Programu inayoendesha uchapaji kwenye Linux inaitwa CUPS. Iliandikwa na Michael Sweet, ikatoka mwaka 1999. Apple wakaanza kuitumia kwenye Mac mwaka 2002, na mwaka 2007 wakanunua msimbo wake na kumwajiri mwenyewe Sweet. Kwa hiyo yule bosi mwenye MacBook anayebonyeza mara moja na karatasi inatoka, anaprinti kwa CUPS. Ni ileile iliyoko kwenye kompyuta kuukuu ya Ibaba. Tofauti ni kwamba watengenezaji wanamwogopa mwenye MacBook na hawamwogopi mwalimu.

Kwa wapenda historia, hii vita ya programu huria ilianzia kwenye printa. Sio utani. Mwaka 1980 hivi, kwenye maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani, walipewa printa ya leza ya Xerox. Ilikuwa inakwama karatasi. Printa yao ya awali nayo ilikuwa inakwama, lakini kijana mmoja, Richard Stallman, alikuwa ameirekebisha programu yake ili ikikwama iwatumie ujumbe watu wanaosubiri kazi zao: jamani, njooni mkwamue. Akataka kufanya hivyo hivyo kwa hii mpya. Hakuweza, maana Xerox hawakutoa msimbo. Akamfuata mtu wa chuo cha Carnegie Mellon aliyekuwa nao. Akanyimwa, kwa sababu yule bwana alikuwa ameahidi kutompa mtu. Stallman hakuisahau siku hiyo. Septemba 1983 akatangaza mradi wa GNU, ambao bila huo hiyo Linux unayoisikia isingekuwa na mwili. Miaka zaidi ya 40 baadaye, mwalimu wa Ileje yuko pale pale alipokuwa Stallman: printa iko mbele yake, haitii, na anayejua kwa nini ameahidi kukaa kimya.

Sasa niwageukie na wenzangu, maana nikiwapiga watengenezaji peke yao nitakuwa napendelea.

Sisi vijana wa programu huria tuna maneno mengi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi uitwao Kilinux, uliofanya kazi na kampuni ya IT+46 ya Sweden. Wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Lilikuwa jambo kubwa. Naliheshimu mpaka kesho. Waliukalia msamiati, wakabishana neno kwa neno kwamba hiki tukiite nini kwa Kiswahili. Nikiwa chuo nilikuwa najivuna kuwaambia watu habari ile. Lakini kitufe cha kuchapisha kikiwa kwa Kiswahili safi na printa haielewi, mwalimu amepata nini? Tulitafsiri mdomo wa kompyuta tukasahau masikio ya printa. Na tangu hapo mahubiri yetu yamekuwa yale yale: semina, fulana, CD za bure za Ubuntu zilizokuwa zikitumwa kwa posta mpaka mwaka 2011, kauli kwamba neno ubuntu ni letu Waafrika. Anayebaki na kompyuta siku semina ikiisha ni nani? Yule kijana aliyeweka Ubuntu Ibaba alifanya kazi nzuri. Ila siku hizi yuko mbali anatafuta maisha, na printa ilikuja baada ya yeye kuondoka.

Wapo watakaosema: si warudi Windows tu, yaishe? Haya, warudi ipi? Windows 10 iliachwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0 na prosesa za karibuni, na kompyuta kuukuu kama zile nne za Ibaba haziwezi kuipokea bila ujanja ujanja. Kwa hiyo ushauri wa "rudini Windows" maana yake ni moja kati ya mbili: shule ya kata inunue kompyuta mpya, au iendelee na mfumo usiorekebishwa tena, wa kuchakachua juu yake. Mshauri mwenyewe ukimuuliza leseni yake ya Windows aliinunua wapi, anaangalia dari.

Halafu mnadhani Windows nayo inaprinti milele? Windows ilipohamia biti 64 kuna printa nzima kabisa zilitupwa kwa sababu kampuni hazikuandika draiva mpya. Na Septemba 2023 Microsoft walitangaza mpango wa kuacha hatua kwa hatua kusambaza draiva za kampuni nyingine kupitia Windows Update. Kwa nini? Kwa sababu dunia imeanza kurudi kwenye lugha za wazi. Kuna utaratibu unaitwa IPP, ambao printa inajieleza yenyewe: mimi ni fulani, naelewa hiki, karatasi zangu ni hizi. Apple walileta AirPrint mwaka 2010 juu ya utaratibu huo. Mwaka 2013 Canon, HP, Samsung na Xerox wakaunda umoja wa Mopria kwa ajili ya simu na vishikwambi. Printa yenye AirPrint au Mopria kwa kawaida inazungumza na Linux bila draiva yoyote, hata kwa waya wa USB. Debian 11 ya mwaka 2021 ilikuja na kazi hiyo tayari.

Umesoma neno vishikwambi? Simama hapo.

Baada ya sensa ya Agosti 2022, serikali iligawa vile vishikwambi vya makarani kwa walimu. Nchi nzima. Vinatumia Android. Na Android, wadau, inakaa juu ya kiini cha Linux! Kwa hiyo mjadala wa kama walimu wetu watumie Linux au wasitumie ulishaamuliwa na serikali yenyewe, labda bila kujua. Sasa mwalimu mwenye kishikwambi chake anatunga zoezi la darasa la saba. Anaprintia wapi? Ile printa ya bei rahisi inayoelewa Windows peke yake, yenye tundu la USB tu, haitamsikia. Serikali imetoa kalamu kwa mkono mmoja, na mkono mwingine umenunua karatasi isiyoshika wino.

Kwa hiyo kosa liko wapi? Liko kwenye karatasi ya manunuzi. Nimezisoma orodha za zabuni nyingi kuliko nilivyotaka, ndiyo kazi yangu. Zinaandika: "Printa, nyeusi na nyeupe, A4, kurasa kadhaa kwa dakika." Wakati mwingine wanataja chapa kabisa, jambo ambalo ni dhambi nyingine ya siku nyingine. Lugha ya printa haitajwi kamwe. Ukinunua gari la halmashauri unaandika dizeli au petroli. Ukinunua printa unaandika rangi na kasi! Mzabuni naye si mjinga, analeta ya bei ya chini kuliko zote, na ya bei ya chini kuliko zote ndiyo ile isiyo na akili. Wafadhili ndio wabaya zaidi hapa, kwa sababu wao hata zabuni hawana. Wanapita dukani, wananunua boksi, wanapiga picha na mkuu wa shule, wanaondoka.

Nimeshaambiwa: "Lakini printa zinazoelewa ni ghali." Ni ghali zaidi, nakubali, siku ya kununua. Zipige hesabu pamoja na bodaboda, na steshenari, na zile kurasa 4,320. Na kama hela haipo kabisa, printa kubwa kuukuu za maofisini, zile nzito kama mbuzi, zinauzwa Kariakoo, na nyingi zinaelewa PCL kwa sababu zilitengenezwa kabla watu hawajawa wajanja. Tona yake tu ndiyo ya kuulizia kwanza.

Na wapo wanaosema shule ya Ibaba ina shida kubwa kuliko printa. Madawati, vyoo, walimu wa hisabati. Kweli. Ila hiyo printa imeshanunuliwa, ipo pale, hela imeshatoka. Sizungumzii kuomba kitu kipya. Nazungumzia hela ileile kununua kitu kinachofanya kazi. Afisa manunuzi anayeshindwa kuongeza sentensi moja kwenye zabuni hatanishawishi kwamba anajenga choo kwa umakini.

Sentensi yenyewe naiandika hapa, aichukue anayeitaka, hata jina langu asiliweke:

"Printa iwe inaelewa PostScript, PCL 5 au PCL 6, au iwe imethibitishwa kwa AirPrint, Mopria au IPP Everywhere, na muuzaji aichapishe kurasa kumi mbele ya mnunuzi, kwa kompyuta yenye Linux na kwa kishikwambi cha Android, kabla ya kulipwa."

Halmashauri ya Ileje, Mbozi, Momba, mji wa Tunduma, na ninyi wa mbali. Mkuu wa shule anayeletewa boksi la msaada, nawe una haki ya kuuliza kabla ya picha kupigwa. Muuzaji akisema hajui Linux ni kitu gani, mwambie akaitafute au arudishe boksi garini.

Nimeituma kwa mwalimu wa taaluma kule Ibaba. Amenijibu kwa ujumbe mfupi kwamba ataibandika ukutani ofisini, juu ya ile printa, na kwamba wiki ijayo ana mitihani ya nusu muhula, bodaboda ameshamwambia.